Hitilafu ya Umakini kwa Watu Wazima: Istilahi na Uamuzi wa Tiba

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri wa maandishi ya afya ni ile ambayo madaktari wa Marekani waliiita rasmi upungufu wa umakini mwaka 1980, wakaiongezea sifa ya kutotulia mwaka 1987. Zamani ilidhaniwa kuwa ni hali ya watoto peke yao. Sasa yafahamika kwamba huanza utotoni na kwa wengi huendelea ukubwani.

Natuchukue mfano wa karani mjini Korogwe. Huanza barua tano asimalize hata moja, huwakatiza wenzake maneno, na husahau ahadi aliyoitoa asubuhi; lakini akipata kazi inayompendeza huizamia hata akasahau kula. Ofisini huitwa mzembe. Nyumbani ni mtu wa mapepe. Jamaa zake wakimpeleka kwa mganga wa jadi, iwe Korogwe au ng'ambo ya pili huko Handeni, huenda wakaambiwa kuwa ana mapepo. Tofauti ni irabu moja tu, ila mwenye mapepo hupungwa, na mwenye mapepe hukaripiwa. Hakuna kati yao anayepata tiba. Kwa hiyo hatupendekezi neno mapepe liingie katika cheti chochote, ijapokuwa ni neno zuri na laeleweka na wote.

Wengine hutumia utukutu. Neno hili lina lawama ndani yake, tena ni la mtoto. Mtu mzima mwenye wake na watoto hatakubali kuandikiwa utukutu, naye ana haki. Upungufu nao haufai, kwa kuwa umakini wa karani wetu haukupungua, bali haumtii. Sisi twaona hitilafu ya umakini yatosha. Makini kwa asili yake ilikuwa na maana ya utulivu kabla ya kuelekea kwenye maana ya uangalifu, kwa hiyo neno moja labeba pande zote mbili za hali hii.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika majina ya tiba. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, katika jimbo la Rhode Island, alieleza jinsi watoto waliopewa benzedrini walivyotulia na kushika masomo. Dawa za jamii hiyo, pamoja na methilifenideti, huongeza dopamini na noradrenalini katika sehemu za ubongo zinazopanga na kuzuia vitendo. Tukiziita vichangamshi bila maelezo, mgonjwa atauliza kwa nini mtu asiyetulia achangamshwe. Tukiziita dawa za kulevya, kwa sababu tu zimo chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, atazikataa kabisa. Twapendekeza vichangamshi vya tiba, na maelezo ya kwamba kinachochangamshwa ni breki, si injini. Madhara yake nayo yatajwe wazi: kukosa usingizi na hamu ya kula, mapigo ya moyo kwenda mbio, shinikizo la damu kupanda. Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza methilifenideti katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na tena mwaka 2021, likisema ushahidi haujatosha. Mfasiri asilifiche jambo hilo, wala asiligeuze kuwa marufuku.

Kuna pia tiba ya fikra na mwenendo, ambayo isichanganywe na nasaha. Nasaha za mzee ni kumwambia mtu ajirekebishe. Tiba hii humfundisha kuigawa kazi vipande vipande, kuandika kila ahadi na kupangua fikra za kujidharau. Wengine huhitaji njia zote mbili.

Neno hospitali ya akili nalo lina uzito wake. Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, palianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Karani akiambiwa aende huko, huenda akasikia kwamba ameitwa mwendawazimu. Barua ya rufaa iandike kliniki ya afya ya akili, na itaje uchunguzi wa umakini.

Mwisho ni kitenzi kupona. Nguvu ya kidonge huisha baada ya saa kadhaa, na hitilafu hubaki. Katika vipeperushi pafaa kumudu.