Hesabu Meza Kabla ya Maua

Kamati za harusi huja kwa mpambaji na picha kwenye simu. Dari la ukumbi limefunikwa maua meupe, meza kuu haionekani kwa mawaridi, na njia ya maharusi imepangwa vinara vya kioo huku na huku. Mweka hazina anauliza, "Dada, hii inafika shilingi ngapi?" Swali hilo halijibiki. Picha haisemi meza zilikuwa ngapi, ilipigwa mwezi gani, ukumbi ulikuwa na kiyoyozi au la, wala kama yale maua ya darini yaliwahi kuota shambani.

Mimi huanza na karatasi tupu na maswali ya kuchosha. Wageni wangapi? Meza moja inakaa watu wanane au kumi? Wapambe wangapi watashika maua, na wazazi watavaa ua kifuani? Kanisani kuna kazi? Keki je, na gari? Bajeti ya maua hupona au hufa katika maswali hayo, kwa sababu bei ya ua moja haimtishi mtu. Kinachotisha ni kuzidisha.

Tuchukue harusi ya wageni 300 wanaokaa kumi kumi. Hizo ni meza 30. Pambo dogo la katikati ya meza, lile lisiloaibisha, linakula mawaridi 12, kwa hiyo tayari tuna 360. Ongeza asilimia kumi kwa ajili ya yatakayovunjika shingo, yatakayofika yamechubuka na yatakayogoma kufunguka, unapata 396. Mawaridi huuzwa kwa mafungu, la 10 au la 20, basi utanunua 400. Kama ua moja ni shilingi 1,000 (bei ya kufanyia hesabu tu, usiende nayo sokoni), hizo ni 400,000. Hapo ndipo shangazi wa bwana harusi anaposema meza zinaonekana kama zimenyolewa, tuongeze maua matatu tu kila meza. Matatu yake ni maua 90, yaani shilingi 90,000, na bado hujagusa sponji, vyombo, usafiri na vijana watakaokesha wakipanga.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ni wapi maua yatakaa. Ua gani lifuate baadaye. Maua halisi yaende pale mtu atakapoyasogelea: mkononi mwa bibi harusi, mbele ya meza kuu, kwenye keki, mlangoni ambako kila mgeni atapita na wengi watasimama kupiga picha. Ukuta wa nyuma, dari na pembe za ukumbi haviguswi na mtu, na kamera huvichukua kwa mbali. Huko taa nzuri na kitambaa kilichonyooshwa vinafanya kazi kubwa kuliko mafungu hamsini ya mawaridi. Meza za wageni ziko katikati ya mambo haya mawili. Si lazima zote thelathini zifanane. Weka pambo la maua kwenye moja kati ya kila tatu, nyingine zipate mshumaa, bakuli la maji lenye ua moja linaloelea, au majani peke yake. Na pambo lenyewe liwe chini ya kidevu au juu kabisa ya kichwa cha mtu aliyeketi. Likikaa usawa wa macho, kabla ya supu kufika wageni watakuwa wameliteremsha chini ya meza, na hela yako imeteremka nalo.

Sasa tuje kwenye bei yenyewe. Waridi la dukani Dar es Salaam halikuzaliwa Dar es Salaam. Limetoka Arusha au Kilimanjaro, na lile la Mombasa na Nairobi mara nyingi limetoka Naivasha, kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kule jua la ikweta linawaka mchana na usiku kuna baridi, basi ua linakua polepole, kichwa kinanenepa na shina linarefuka. Joto la pwani haliwezi kulea waridi la namna hiyo. Ndiyo maana ndani ya bei unayotajiwa kuna safari, boksi, baridi na hasara ya njiani.

Mawaridi hupangwa madaraja kwa urefu wa shina: sentimita 40, 50, 60, 70 na kuendelea. Kadiri shina linavyorefuka, bei inapanda. Watu wengi humwagia fedha hapa bila kujua. Mpambaji anayepanga bakuli la chini atalikata shina libaki sentimita 20 au pungufu, kwa hiyo ukimnunulia waridi la 70 umelipia kijiti kitakachofagiliwa. Mashina marefu yanunuliwe kwa ajili ya vyombo virefu vya mlangoni na meza kuu tu. Kwa shada la mkononi na meza za wageni, omba la 40. Muuzaji atakuangalia mara mbili, halafu atakupa.

Kalenda nayo ina bei yake. Wiki mbili kabla ya tarehe 14 Februari mashamba yote yanatazama Ulaya, na mnunuzi wa hapa hupata kilichobaki, tena kwa bei ya juu. Desemba tunabanana wenyewe kwa wenyewe. Jumamosi za baada ya Pasaka na siku za baada ya Idi ni hivyo hivyo, maana walioahirisha wote wanatoka kwa pamoja. Mkatoliki akipata ruhusa ya kufunga ndoa wakati wa Kwaresima ajue pia kwamba taratibu za liturujia haziruhusu altare kupambwa kwa maua kipindi hicho, isipokuwa Dominika ya nne na siku za sherehe na sikukuu. Na hata nje ya Kwaresima, maua huwekwa kuzunguka altare, si juu yake. Muulizeni paroko mapema. Mkikuta kuna ndoa nyingine mbili Jumamosi hiyo hiyo, watafuteni wenzenu mchangie pambo moja la kanisani. Sijaona bibi harusi aliyenung'unika kwamba ua la altareni lilimwona mwenzake saa nne asubuhi.

Baada ya hapo ndipo tunazungumza ua gani, na kwa sisi wa pwani swali la kwanza ni joto. Tazama ratiba ya kawaida: ndoa saa nane mchana, picha ufukweni saa kumi, ukumbini saa moja usiku. Shada la mkononi linakaa saa tano bila tone la maji, nusu ya muda huo juani au ndani ya gari lililofungwa vioo. Haidrenjia, lile ua kubwa la kichwa cha mviringo linalopendwa kwenye picha za Ulaya, hunywa maji kupita kiasi, na likiyakosa linanyauka mbele ya macho yako. Mimi silipeleki ufukweni hata nikilipwa zaidi. Jabera huinamisha shingo. Waridi bichi linavumilia. Krisanthemamu, ambalo wengi hulidharau kwa kuwa ni rahisi, linavumilia kuliko waridi. Likitunzwa hukaa wiki mbili na zaidi, na lile jeupe la vichwa vingi likichanganywa na mawaridi machache hujaza pambo kwa nusu ya gharama. Jipsofila nayo hujaza nafasi kwa fedha kidogo, na ikikauka haiharibiki sura. Okidi na anthuriamu ni watoto wa nchi za joto. Bei yake kwa shina ni kubwa lakini yanahitajika machache, na hayaogopi Februari ya Dar. Yanachoogopa ni friji. Ukiyalaza kwenye baridi pamoja na mawaridi yatatoka na madoa meusi.

Yungiyungi ni zuri, lakini lina dhara moja. Zile chembe za kahawia katikati ya ua zikigusa shela, zinaacha doa ambalo maji hulikoleza. Mpambaji anayejua kazi hununua matumba siku tatu au nne kabla, na kila moja linapofunguka analing'oa chembe zile kwa vidole kabla hazijaanza kumwaga unga. Kama umechelewa na gauni limeshaguswa, usilisugue. Bandika utepe wa gundi juu ya doa, uubandue taratibu.

Namna ya kutambua waridi bichi haihitaji utaalamu. Shika kichwa cha ua kwa vidole viwili, pale chini kinapokutana na shina, ubonyeze kidogo. Likiwa gumu, ni bichi. Likibonyea, limeshakaa siku nyingi kwenye ndoo ya mtu. Usihukumu kwa zile petali mbili tatu za nje zenye kingo za kijani au kahawia. Hizo ni walinzi wa ua, na huondolewa dakika ya mwisho. Ukifika na mawaridi nyumbani kata shina upya kwa mshazari, toa majani yote yatakayozama, yaache yanywe kwenye ndoo safi kivulini kwa saa kadhaa kabla hujaanza kupanga. Na yasilale chumba kimoja na ndizi mbivu. Tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, na ethilini huzeesha maua, hasa kaneshoni, ambalo hujifunga na halifunguki tena. Kwenye harusi zetu matunda ya wageni na maua ya ukumbi hulazwa stoo moja usiku wa kuamkia shughuli, halafu asubuhi tunamtafuta mchawi.

Kuhusu ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua, jambo moja tu: iweke juu ya maji, uiache izame yenyewe. Vijana wenye haraka huikandamiza kwa mkono. Nje inalowa, ndani inabaki na hewa, na shina likichomekwa kwenye hewa ile ua linakufa kabla ya keki kukatwa. Mapambo mengi yanayolaumiwa kuwa "maua yalikuwa ya zamani" yalikuwa mabichi kabisa.

Liko jambo ambalo bajeti nyingi hazilikumbuki, nalo ni harufu. Waridi la biashara limechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili lisafiri na likae, na katika kuchaguliwa huko harufu imepotea kwa kiasi kikubwa. Unaweza kuweka elfu moja ukumbini na pua isijue. Anayetaka shughuli inukie amwendee mwenye asumini. Wanawake wa Lamu, Mombasa na Unguja hawajawahi kuhitaji ukuta wa maua: kikuba kimoja cha asumini, rehani, waridi la bustani na mlangilangi, na kilua kikipatikana, kikibandikwa kifuani kinafanya kazi usiku kucha. Nafasi yake kwenye bajeti ni ndogo sana. Shida yake ni saa. Matumba ya asumini huchumwa yakiwa yamefumba, hufunguka jioni, na kesho yake asubuhi yameshageuka rangi. Huwezi kuyanunua juzi. Agiza mapema, lakini yapokee siku yenyewe, alasiri, yakiwa yamefungwa kwenye jani la mgomba au kitambaa kibichi. Nimeanza kuwashauri hata maharusi wa kanisani wavishe wazazi wa pande zote mbili vikuba badala ya waridi la kifuani, na wanaokubali hawajuti.

Na maua ya kitambaa? Sina ugomvi nayo. Sehemu kubwa ya mnayoyasifu kwenye kumbi za mjini ni hayo, na kwa dari na kuta ndiyo yanayofaa. Ninachokataa ni kulipishwa bei ya bichi kwa kitambaa. Maua ya kitambaa hukodishwa: mpambaji aliyanunua mara moja na atayatumia Jumamosi ijayo kwa mwingine. Bei yake lazima iwe ya kukodi. Nenda kayaone yenyewe stoo kwake, si picha, uangalie vumbi na rangi iliyofifia kwa taa.

Fedha za harusi zetu hutoka kwenye michango, na michango ina tabia ya kuja mwishoni, huku maua yakitaka fedha mwanzoni. Shamba halikopeshi kamati. Basi kaeni kikao kimoja mapema mpange, kwa maandishi, kitakachokatwa kama ahadi hazitatimia: gari kwanza (boneti lenye moto huyachoma maua kabla hayajafika popote, utepe unatosha), kisha njia ya maharusi, kisha meza za wageni. Shada la bibi harusi na meza kuu visiguswe. Msipolipanga hilo, litakatwa na mtu mmoja kwa simu usiku wa Alhamisi, na atakata asichokijua.

Mkataba na mpambaji uandikwe kwa hesabu: meza ngapi, mawaridi mangapi kila meza, marefu kiasi gani, yapi ni mabichi na yapi ni ya kitambaa, rangi mbadala ikiwa iliyoagizwa haipatikani, na saa ya kumaliza kupanga. Mwisho kabisa, mwambieni MC awatangazie wageni kwamba maua wanaruhusiwa kuondoka nayo lakini vyombo ni mali ya mpambaji. Kinara cha kioo kikipotea, kinalipwa na kamati.