Lugha Isiyohitajika Nyumbani Haina Budi Kupendwa: Nafasi ya Riwaya ya Mapenzi katika Kukuza Kiswahili Lobule, Koboko

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kwa nini riwaya ya mapenzi, ambayo kwa muda mrefu imehesabiwa kuwa fasihi ya daraja la chini, inastahili kupewa nafasi katika mipango ya kukuza Kiswahili kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mfano unaotumika ni Lobule, wilayani Koboko, ambako wenyeji na wakimbizi kutoka Kongo wanaishi pamoja. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kiliingia eneo hilo kama lugha ya amri na ya biashara, na kwamba riwaya ya mapenzi ndiyo utanzu unaoweza kukipa kile ilichokosa, yaani lugha ya kuomba, kukubali na kukataa. Makala yanajadili pia vigezo vya ladha ambavyo mwandishi, kama msomaji, anavipendekeza katika uteuzi wa vitabu, na yanatoa mapendekezo kwa wapangaji wa sera.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Koboko ilimegwa kutoka Arua mwaka 2005. Imekaa mahali ambapo Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudani Kusini zinapakana, na Wakakwa, ambao ni jamii kubwa wilayani humo, wanapatikana katika nchi zote hizo tatu. Tangu mwaka 2013 eneo la Lobule limekuwa na makazi ya wakimbizi kutoka Kongo. Anayefika huko husikia Kikakwa, Kilugbara, Lingala, Kinubi, Kiingereza na Kiswahili, kila lugha ikiwa na mahali pake na saa yake.

Kisera, Kiswahili kimepiga hatua nchini Uganda. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka huohuo wa 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hivyo mpaka ulio karibu na Lobule ukawa mpaka wa ndani ya Jumuiya.

Hata hivyo, sera haijibu swali moja la msingi: mtoto wa Lobule atakitaka Kiswahili kwa ajili gani? Mkakwa wa Uganda na Mkakwa wa Kongo wakikutana kisimani hawahitaji lugha ya tatu. Mlugbara wa Arua na wa Aru, ng'ambo ya mpaka, nao wana lugha yao. Mahali ambapo lugha inahitajika ili watu waelewane, haja yenyewe huifundisha. Mahali ambapo haihitajiki nyumbani, lugha haina budi kupendwa, la sivyo itabaki kuwa somo la mtihani. Makala haya yanachunguza namna fasihi inavyoweza kuleta pendo hilo.

2.0 Kiswahili cha Amri

Ili kuelewa tatizo, ni lazima kurejea historia. West Nile ilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyotoa askari wengi kwa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi katika jeshi hilo. Idi Amin, ambaye asili yake inahusishwa na Koboko, alijiunga nalo mwaka 1946. Mwaka 1973, akiwa rais, alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Baada ya utawala wake kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walivuka mipaka na kukimbilia Zaire na Sudani. Wenyeji wanaowapokea Wakongo leo ni watu ambao wao wenyewe, au wazazi wao, waliwahi kupokewa upande wa pili.

Katika historia hiyo, Kiswahili kilisikika zaidi kambini, kwenye vizuizi vya barabarani na sokoni. Ni Kiswahili kilichopunguzwa hadi kwenye matumizi ya lazima: kuita, kuamuru, kuuliza bei. Umbo kama "kuja hapa," ambalo husikika sana Uganda na Kenya mahali pa "njoo hapa," linaonyesha jambo hilo waziwazi. Kitenzi kimebaki katika umbo la kutajia tendo, na anayeambiwa hapewi kiambishi chochote cha kumtambua. Hakuna "uje," wala "ungekuja," wala "naomba uje." Si kwamba wasemaji hawana adabu, wanayo tele katika lugha zao za nyumbani. Ni kwamba Kiswahili hakikuwafikia kupitia mdomo wa mtu aliyewabembeleza.

Hili lina athari katika mitazamo. Lugha ambayo mzee anaikumbuka kwa sauti ya mwenye bunduki haiwezi kupendwa na mjukuu kwa sababu tu imeandikwa kwenye ratiba ya shule.

3.0 Sarufi ya Kubembeleza

Riwaya ya mapenzi, kwa maana inayotumika hapa, ni masimulizi ambayo mgogoro wake mkuu ni iwapo watu wawili watapatana, kwa masharti gani, na kwa gharama ya nani. Utanzu huu una sifa ya kisarufi ambayo walimu wengi hawajaitumia: umejaa dhamira tegemezi na masharti. Mtu anayependa huomba, husita, hujuta na hukisia. Tuchukue mfano huu wa kutungwa: "Ningalijua kwamba utaondoka alfajiri, nisingalikuacha usimame peke yako mlangoni." Katika sentensi hiyo moja mwanafunzi anakutana na sharti lisilotimizwa, ukanushi wake, dhamira tegemezi katika "usimame," na nafsi mbili zinazogusana ndani ya kitenzi kimoja. Zoezi la sarufi lingehitaji ukurasa mzima kufikia hapo, na mwanafunzi asingekuwa na sababu ya kutaka kujua kilichotokea alfajiri.

Pamoja na sarufi, kuna msamiati wa mahusiano ambao vitabu vya kiada huugusa kwa juu tu: kuposa, kuridhia, mshenga, mahari, wivu, kinyongo, utu. Hata kauli za kitenzi zina la kufundisha. Kiswahili husema mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa. Lakini kina pia "kuoana," ambapo watendaji ni wawili. Majadiliano darasani kuhusu maumbo hayo matatu ni somo la mnyambuliko na wakati huohuo ni somo la usawa.

Kwa wapangaji wa sera, jambo zito zaidi ni lugha ya kukataa. Katiba ya Uganda, ibara ya 31, inaweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18. Sheria hiyo inamlinda msichana kwenye karatasi. Ili imlinde mbele ya jamaa waliokaa kikao, anahitaji maneno. Tofauti kati ya "sitaki," "sijaamua," "naomba nipewe muda," na "hilo haliwezekani kabla sijamaliza shule" ni tofauti kati ya msichana anayeonekana mkaidi na msichana anayesikilizwa. Maneno hayo atayasema kwa Kikakwa nyumbani. Lakini mfano wa kuyasema, na ujasiri wa kuona kwamba yamewahi kusemwa, unaweza kumjia kupitia mhusika wa riwaya.

4.0 Ladha kama Kigezo

Katika sehemu hii naomba niseme kwa nafsi ya kwanza, kwa kuwa suala la ladha haliwezi kujadiliwa kana kwamba halina mwenyewe. Nilikuwa msomaji wa riwaya za mapenzi kabla ya kuzitafiti. Nazipenda, na zipo nisizozipenda. Ladha yangu inaongozwa na maswali matatu.

Swali la kwanza ni iwapo mhusika anapokataa husikika. Riwaya ambamo "hapana" ya mwanamke inachukuliwa kuwa ishara ya kumtaka mwanamume ajaribu tena huniudhi, hata ikiwa lugha yake ni tamu. Kwa upande huu naithamini mno Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999). Yasmin, aliyeozwa kwa mzee Raza bila ridhaa yake, anaiacha ndoa hiyo. Jamaa zake wanamkataa, rafiki yake Mwajuma anampokea. Mapenzi yake na Denge yanaandamana na siasa za kupigania uhuru wa Zanzibar, na mwandishi hadanganyi kwamba pendo peke yake litavunja gereza. Lakini uamuzi wa Yasmin wa kuondoka unaheshimiwa na masimulizi tangu mwanzo.

Swali la pili ni iwapo fedha imechukua mahali pa tabia. Katika hadithi nyingi zinazochapishwa kwa mfululizo magazetini, na siku hizi zinazosambazwa kwa simu sehemu baada ya sehemu, mpenzi bora hutambulishwa kwa gari lake. Sizidharau hadithi hizo. Waandishi kama Ben Mtobwa, aliyetunga Dar es Salaam Usiku, na Eric Shigongo baadaye magazetini, wamejua kumfanya msomaji asilale. Uwezo huo ni wa kuigwa. Ninachodai ni kwamba nikilifuta gari, bado nione mtu.

Swali la tatu ni adhabu. Fasihi ya Kiswahili iliyopata heshima shuleni imekuwa kali kwa msichana anayependa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) inaanza na barua ya mapenzi na kipigo cha baba, na inaishia kwa Rosa kujiua. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna aliyefungiwa nyumbani anaangukia ulevi na danguro kabla ya kupata utulivu. Ni riwaya kubwa, na lawama yake inawaelekea wazazi zaidi kuliko wasichana. Hata hivyo, msomaji wa miaka 15 ambaye hakupewa nyingine atahitimisha kwamba mwisho wa kupenda ni kaburi au aibu. Nataka awe na rafu yenye riwaya hizo pamoja na nyingine ambazo wapendanao wanakosea, wanasameheana na wanaishi.

5.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la maadili: kwamba riwaya za mapenzi huwaharibu vijana. Hofu hii si ya Afrika Mashariki pekee. Mwaka 2007 serikali ya jimbo la Kano, Nijeria, ilichoma hadharani vitabu vya mapenzi vya Kihausa, utanzu ulioendelezwa kwa kiasi kikubwa na wanawake kama Balaraba Ramat Yakubu. Rosa Mistika nayo ilipigwa marufuku shuleni ilipotoka, na baadaye ikaja kutumika kama kitabu cha kufundishia. Kitabu kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni macho ya waliokitazama. Aidha, mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kijana asiyeyasoma darasani pamoja na mwalimu atayasoma peke yake kwenye simu, bila mtu wa kumuuliza.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba utanzu huu humzoeza msichana kusubiri kuokolewa na mwanamume. Janice Radway, katika utafiti wake wa mwaka 1984 kuhusu wasomaji wanawake wa Marekani, alionyesha kwamba wasomaji hao walitenganisha kwa makini riwaya nzuri na mbaya, na kwamba tendo lenyewe la kusoma lilikuwa njia ya kujitengea muda usiodaiwa na mume wala watoto. Lakini Radway hakuficha kwamba riwaya hizohizo zinaweza kumrudisha msomaji kuridhika na hali asiyopaswa kuridhika nayo. Jibu la makala haya ni uteuzi na mjadala, si kuzuia. Katika makazi ya wakimbizi, ambako kuni, maji na foleni ya chakula hula saa nyingi za wanawake, saa moja ya kusoma si anasa.

Pingamizi la tatu ni la ubora wa lugha. Ni kweli kwamba baadhi ya hadithi zimehaririwa vibaya. Dawa yake ni wahariri.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala cha Uganda kiweke katika orodha za usomaji wa ziada hadithi fupi za mapenzi zilizopangwa kwa umri na kwa kiwango cha lugha, zikiwa na faharasa ya Kikakwa na Kilugbara.

Pili, kamati za uteuzi zijumuishe wasomaji vijana, wasichana wakiwemo, kutoka jamii za wenyeji na za wakimbizi. Maoni yao yachukuliwe kuwa ushahidi, si mapambo ya ripoti.

Tatu, masimulizi ya uchumba ya Wakakwa na Walugbara yakusanywe kwa idhini ya wenyewe na kuandikwa upya kwa Kiswahili. Msomaji wa Lobule asilazimike kila mara kusafiri hadi Zanzibar ili akutane na pendo.

Nne, walimu wafunzwe kutumia matini hizi kufundisha dhamira tegemezi, masharti na mnyambuliko, ili somo lisigeuke kuwa mahubiri.

Tano, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ihamasishe wachapishaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kutoa matoleo ya bei nafuu kwa ajili ya maeneo ya mipakani.

7.0 Hitimisho

Kiswahili kimefika Lobule mara nyingi: kikiwa na askari, kikiwa na mchuuzi, na sasa kikiwa na waraka wa wizara. Kila mara kimefika kikiwa na jambo la kuagiza au la kuuza. Makala haya yamependekeza kipewe nafasi ya kufika kikiwa na jambo la kuomba. Siku msichana wa Koboko atakapofunga kitabu na kumuuliza mwenzake wa Kongo kama Yasmin alifanya vema kuondoka, nao wakabishana kwa Kiswahili bila kulazimishwa na mwalimu, sera ya mwaka 2022 itakuwa imeanza kutekelezwa.