Mahali pa Kukutania Mjini (2): Jiwe la Kukalia

Wiki iliyopita tulizungumzia njia. Leo tukae kidogo.

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba nyingi zina baraza: kikalio cha mawe na chokaa kilichoshikamana na ukuta wa mbele, pande zote mbili za mlango. Ni mali ya nyumba, lakini kiko nje yake. Mwenyeji hupokea mgeni hapo bila kumwingiza ndani, faragha ya wenye nyumba ikabaki palepale. Na mpita njia aliyechoka hukaa bila kuomba ruhusa wala kununua soda. Mvua za masika zikijaza vichochoro maji, watu hupita juu ya baraza hizohizo. Fundi aliyezijenga hakusomea mipango miji. Lakini kwenye baraza za Jaws Corner, mahali pa kahawa na kashata hapohapo Mji Mkongwe, Mngazija, Mshihiri, Mhindi na mtu wa shamba huvutana juu ya mpira na siasa huku dhumna zikigongwa, na hakuna aliyewaitia mkutano.

Miaka ya 1970, Mmarekani William H. Whyte alivipiga filamu viwanja vya wazi vya New York ajue kwa nini vingine hujaa watu na vingine hubaki vitupu. Jibu lake kuu bibi zetu wangelicheka: watu hukaa penye pa kukalia. Mwaka 1975 jiji hilo lilibadili kanuni, likadai viti katika viwanja vya majengo marefu.

Hata hivyo baraza ina kasoro, na tuiseme: kwa kawaida ni ya wanaume. Mwanamke huipita, akatoa salamu na kwenda zake. Ndiyo maana naipenda zaidi Forodhani, bustani ya kando ya bahari hapohapo Mji Mkongwe, iliyokarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture na kufunguliwa upya mwaka 2009. Jioni kina mama hukaa na watoto wao, mgeni na mwenyeji wakila mishikaki bega kwa bega, vijana wakijirusha baharini.

Siku hizi tunajenga kuta ndefu, juu yake vigae vya chupa, kisha tunalalamika kwamba majirani hatujuani. Wewe unayejenga mwaka huu, mwambie fundi akuachie futi mbili za kikalio nje ya geti, upande wenye kivuli.