Kwa Nini Mbwa Mchanga Huvuta Kamba?

Apitaye alfajiri katika mitaa ya miji yetu huenda akamwona kijana akikimbia mazoezi pamoja na mbwa wake. Aghalabu si kijana amwongozaye mbwa, bali mbwa ndiye amburutaye kijana. Kamba imekazika, mbwa anakoroma kwa kubanwa koo, na kijana ameegemea nyuma kama mtu avutaye ngalawa pwani. Watu husema mbwa huyo ni mkaidi. Wataalamu wa elimu ya tabia za wanyama wangesema vingine: mbwa huyo ni mwanafunzi hodari, na somo alilofundishwa amelishika barabara, ijapokuwa mwalimu wake hakujua kwamba alikuwa akifundisha.

Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha uchunguzi wake juu ya wanyama, wakiwamo paka na mbwa, aliowafungia ndani ya masanduku. Mlango wa sanduku ulifunguka mnyama alipovuta kitanzi au alipokanyaga kibao. Mwanzoni mnyama alihangaika ovyo mpaka akakigusa kibao kwa bahati tu. Mlango ukafunguka, akatoka na kula. Kila aliporudishwa ndani, muda wa kuhangaika ulielekea kupungua. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya matokeo: kitendo kinachofuatwa na jambo la kumridhisha mnyama huelekea kurudiwa, na kisicholeta kitu hufifia.

Sasa tuipeleke kanuni hiyo barabarani. Mbwa ananusa kitu mbele, anavuta, nasi tunamfuata. Kibao kimekanyagwa, mlango umefunguka! Kila hatua tunayopiga huku kamba imekazika ni ujira wa kuvuta. Na tukimzuia mara nne kisha tukamwachia mara ya tano kwa sababu tumechoka, tunaizidishia tabia hiyo mizizi. Majaribio ya B. F. Skinner na wenzake yalionyesha kwamba tabia inayolipwa mara mojamoja, bila utaratibu wa kutabirika, huchukua muda mrefu zaidi kufa kuliko ile inayolipwa kila mara.

Basi njia ni kuyageuza malipo. Kamba ikikazika, simama kimya, usimvute wala usimkaripie. Ikilegea, endelea. Mbwa akiwa ubavuni mwako, karibu na goti, mpe kipande kidogo cha nyama au dagaa mmoja, tena papo hapo, kwa maana tuzo ikichelewa huenda ikalipa kitendo kingine kabisa. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kutambua kwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na hata makohozi yenye vijidudu vya kifua kikuu. Panya akitenda sawasawa husikia mlio mfupi, kisha hupewa chakula. Mlio humjulisha ni kitendo gani hasa kilicholipwa. Mkimbiaji aweza kutumia neno moja fupi, mathalani “Vyema!”, kwani si rahisi kuinama na dagaa mkononi katikati ya mbio.

Nisifiche kwamba siku za kwanza zinachosha. Yawezekana robo saa nzima ikaisha kabla hamjafika langoni. Anzeni uani, kwa kutembea. Mbwa akiweza kutembea kamba ikiwa imelegea, kimbieni hatua kumi, kisha rudini kwenye mwendo wa kutembea kabla hajapandwa na hamaki ya mbio. Hatua kumi zitakuwa ishirini, na ishirini zitakuwa hamsini. Jambo la kufurahisha ni kwamba kutembea ndiko kugumu zaidi: mwendo wetu wa kilometa 5 hivi kwa saa ni mzito kwa mbwa mkubwa, na mbio za polepole humfaa zaidi.

Hata hivyo, mbwa mchanga asikimbizwe masafa marefu. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna tabaka za gegedu ambamo mfupa hukua. Tabaka hizo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa, na kwa mbwa wakubwa huenda zisifunge mpaka afikapo umri wa mwaka mmoja au mwaka na nusu. Joto nalo lina hatari yake. Mbwa hana tezi za jasho za kutosha kumpoza. Hujipoza hasa kwa kuhema. Kimbieni alfajiri, na kama mgongo wa mkono wako hauvumilii lami, nyayo zake nazo hazitavumilia. Mikanda ya kifuani ni bora kuliko ukanda wa shingoni: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mbwa avutapo kwa shingo, shinikizo ndani ya macho yake hupanda.

Kuna sababu nyingine, kubwa kuliko mazoezi, ya kulifundisha somo hili. Katika nchi zetu kichaa cha mbwa huenezwa hasa na mbwa, na wataalamu hushauri kwamba asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa ukome kuenea. Kwenye vituo vya chanjo, aghalabu watoto ndio hutumwa kuwapeleka. Mbwa asiyeongozeka kwa kamba hubaki nyumbani. Tena wapo mbwa wasioiona kamba ila siku ya sindano. Kama vile mbwa wa Pavlov walivyotokwa na mate kwa ishara ya chakula, hao hutetemeka kwa kuiona kamba tu.

Walimu wa biolojia wanaweza kuligeuza jambo hili kuwa zoezi. Mwanafunzi mwenye mbwa wa nyumbani kwao, aliyekwisha kuchanjwa, ahesabu kila siku ni mara ngapi kamba imekazika katika hatua mia moja, kwa majuma matatu, kisha achore grafu. Njia iwe ileile na saa iwe ileile. Siku ambayo hesabu itapanda ghafla, asiifute; aandike kando yake kilichopita njiani, ikiwa ni mbuzi, pikipiki au mbwa wa jirani.