Jicho Likichomwa na Bua, Usingoje Kesho

Ndugu mkulima wa Ufipa,

Wakati wa mavuno tunavunja mahindi, tunapiga maharage na kupura ulezi. Upepo wa kiangazi unavuma huku kwetu juu. Pumba na vumbi vinaruka. Je, umewahi kupigwa jichoni na bua?

Mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu ni mbegu na mbolea. Lakini nimemwona mkulima hodari akipoteza jicho shambani. Bua lilimchoma jicho la kulia. Alidhani ni jambo dogo. Jirani akamkamulia maji ya majani. Siku ya nne jicho lilikuwa jekundu, na doa jeupe limetokea. Ndipo akaenda hospitali, Sumbawanga mjini. Alitibiwa, maumivu yakaisha. Lakini jicho lile halikuona tena.

Kwa nini? Mbele ya mboni kuna kioo cha jicho. Ni chembamba sana, unene wake ni kama nusu milimita tu. Bua likikikwaruza, linaacha kidonda. Vijidudu huingia humo. Maji ya majani si safi, huongeza vijidudu hivyo.

Basi nenda zahanati siku ileile. Mwuguzi atafanya nini?

Kwanza, atakuuliza. Jicho limeumia lini? Limepigwa na kitu gani? Umeweka dawa gani? Usione haya. Sema kweli, hata kama uliweka majani.

Pili, atapima unavyoona. Utasimama mita 6 kutoka kwenye ubao wenye herufi E. Utaziba jicho moja, kisha la pili. Utaonyesha kwa mkono miguu ya herufi inaelekea wapi. Hata mzee asiyejua kusoma hupimwa hivyo.

Tatu, atachunguza kwa tochi. Ataangalia kope, weupe wa jicho, kioo na mboni. Akiona doa jeupe, atakupeleka hospitali bila kuchelewa.

Nyumbani nako unaweza kujipima. Ziba jicho moja kwa kiganja, utazame mti wa mbali. Kisha ziba la pili. Je, yote mawili yanaona sawa? Watu wengi hawajui kuwa jicho moja limeharibika, kwa sababu jingine linafanya kazi ya yote mawili. Wapime na watoto wako.

Kumbuka pia mambo haya:

Ukipura au kupepeta, upepo uwe mgongoni kwako.

Pumba zikiingia jichoni, usifikiche. Osha kwa maji safi.

Dawa ya wadudu ikiruka jichoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi. Kisha nenda zahanati.

Usitumie dawa ya macho aliyopewa jirani. Ugonjwa wake si wako.

Ndugu yangu, mahindi yakiharibika mwaka huu, mwakani utapanda mengine. Jicho halipandwi. Likiumia leo, nenda leo.