Ramani ya Simu Ikichelewa, Kosa si la Dereva



Siku hizi katika viwanda na mashamba mengi dereva hapewi tena karatasi yenye jina la kijiji na jina la mzee wa kumwuliza njia. Ofisi inamtumia alama kwenye ramani ya simu na kumwambia: fuata hiyo. Akichelewa, anaulizwa yeye. Akijibu kwamba ramani ilikataa kufunguka, anahesabiwa kuwa mtu wa visingizio.

Kwa hiyo tumeona ni vyema tueleze ramani hiyo inavyofanya kazi, kwa nini inachelewa, na nini kifanyike. Jambo hili si la madereva peke yao. Majani mabichi ya chai yakikawia njiani yanaharibika, na miwa iliyokatwa ikikaa inapungua sukari. Mchumaji na mkataji wanaumia pamoja na dereva.

SETILAITI HAILETI RAMANI

Wengi wetu tunadhani ramani inashuka kutoka angani. Si hivyo. Setilaiti za GPS, ambazo ni mali ya serikali ya Marekani, zinazunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi. Kazi yake ni kutangaza saa, na kutangaza mahali zilipo. Simu ikisikia setilaiti nne au zaidi, inapiga hesabu na kujua yenyewe iko wapi. Huduma hiyo haina malipo, wala haihitaji bando.

Ramani yenyewe, yaani barabara, mito na majina ya vijiji, ni kitu kingine kabisa. Hiyo inatoka kwenye mtandao, au inatoka ndani ya simu ikiwa ilihifadhiwa humo mapema. Ndiyo sababu mara nyingine dereva anaona kile kidoti cha buluu kinatembea vizuri juu ya kioo kitupu. Simu inajua iko wapi, ila haijapata cha kuchora.

VIPANDE VYA RAMANI

Ramani ya dunia nzima ni kubwa mno kutumwa kwa mara moja. Kwa hiyo inakatwa vipande vya mraba, kama vigae vya sakafu. Katika utaratibu wa zamani kila kipande kilikuwa picha yenye nukta 256 kwa upana na 256 kwa urefu. Ukiitazama dunia kwa mbali kabisa, kipande kimoja kinatosha. Ukivuta karibu hatua moja, vinakuwa 4. Hatua ya pili ni 16, ya tatu ni 64. Ukifika hatua ya 10 vipande vinazidi milioni moja, na hatua ya 15 vinazidi bilioni moja.

Simu haichukui vyote. Inachukua vile tu vinavyoonekana kwenye kioo. Lakini kila unapovuta karibu, na kila gari linapokwenda mbele, inabidi iagize vingine. Mtandao ukiwa mdogo, vinafika kimoja kimoja, na dereva anaona ramani yenye matundu.

Baadaye ukaja utaratibu mwingine. Mwezi Desemba 2010 kampuni ya Google ilianza kuutumia katika ramani zake za simu za Android. Badala ya kutuma picha iliyokwisha kuchorwa, inatuma maelezo: hapa pana barabara, inaanzia hapa, inakunja pale, jina lake ni hili. Simu yenyewe ndiyo inayochora.

Wenzetu wa viwanda vya nguo wataelewa upesi. Utaratibu wa zamani ni sawa na kuletewa nguo zilizokwisha kushonwa, za kila kimo, mzigo kwa mzigo. Utaratibu mpya ni sawa na kuletewa vipimo tu, ukashona mwenyewe kimo unachotaka. Vipimo ni vyepesi kusafirisha, na bando linaliwa kidogo. Lakini sasa kazi ya kushona imehamia kwako. Kama cherehani yako ni mbovu, nguo itachelewa.

SABABU TATU ZA KUCHELEWA

Kwanza ni mtandao. Katika mabonde ya mashamba, mbali na minara, hata vipimo vyepesi vinachukua muda kufika.

Pili ni simu yenyewe. Ili ramani iteleze vizuri, simu nyingi huchora kioo upya mara 60 kwa sekunde moja. Simu ya bei ndogo, yenye kumbukumbu ndogo na programu nyingi zilizofunguliwa, haiwezi kufuata mwendo huo. Ramani inaanza kurukaruka na kukwama. Tena simu iliyowekwa mbele ya kioo cha gari juani hupata moto, na ikipata moto sana inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Dereva anadhani imeharibika, kumbe imechoka kwa joto.

Tatu ni mzigo wa mapambo. Picha za setilaiti, majumba yanayoonekana yamesimama, na rangi za msongamano wa magari, vyote ni kazi ya ziada. Picha za setilaiti ndizo nzito kupita zote, kwa sababu haziwezi kugeuzwa vipimo. Lazima zije kama picha.

NINI KIFANYIKE

Dawa ya kwanza ni kupakua ramani ya eneo zima kabla ya kuondoka, ukiwa mahali penye mtandao mzuri. Programu ya Google ina nafasi ya kufanya hivyo. Zipo pia programu za bure zilizotengenezwa hasa kwa kutumika bila mtandao, kama OsmAnd na Organic Maps. Hizi zinatumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Katika nchi jirani ya Tanzania, wanafunzi na wananchi wa Dar es Salaam walichora mitaa yao humo katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ili kupambana na mafuriko. Ramani iliyopakuliwa haikuambii habari za msongamano wa wakati huo, lakini njia unaiona.

Dawa ya pili ni kuzima picha za setilaiti na mapambo mengine, na kufunga programu usizozitumia. Ya tatu, weka simu mahali pasipopigwa na jua. Ya nne, itazame njia yote kabla ya kuwasha gari, kisha uache sauti ya simu ikuongoze. Kama yupo utingo, simu ishikwe na yeye.

HATARI YENYEWE

Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa linapita mita 16 na zaidi kila sekunde. Ramani ikichelewa sekunde tano tu, lori limekwisha kwenda mita 80 na zaidi. Kama sekunde hizo tano dereva alikuwa ameinamia kioo cha simu akingoja njia panda itokee, basi mita hizo 80 ameziendesha bila kuona. Mbele yake anaweza kuwapo mtoto wa shule au mama mwenye mzigo. Ramani ikikwama, simamisha gari pembeni. Na msimamizi asimpigie dereva simu kumharakisha akiwa barabarani.

GHARAMA NI YA NANI?

Jembe la shamba hununuliwa na mwenye shamba. Mashine ya kiwanda hununuliwa na mwenye kiwanda. Ramani ya simu ikifanywa amri ya kazi, nayo imekuwa chombo cha kazi. Si haki dereva atumie simu yake, chaji yake na bando lake, kisha akikwama alaumiwe. Hapa Uganda bando hilo lilitiwa kodi ya asilimia 12 mwezi Julai 2021, na kodi hiyo inamwangukia mnunuzi.

Kwa hiyo tunawashauri wawakilishi wa matawi, mtakapokaa na mwajiri kuzungumzia mkataba wa pamoja, mpeleke madai haya manne. Mwajiri anayetaka ramani itumike atoe simu yenye nguvu ya kutosha na kishikizo chake. Alipe bando. Awape madereva nafasi ya kupakua ramani ofisini kabla ya safari. Na asimkate dereva mshahara wala posho kwa kuchelewa mpaka sababu ichunguzwe mbele ya mwakilishi wa chama.

Dereva naye aandike saa na mahali ramani ilipokwama. Daftari dogo lenye tarehe lina nguvu mezani kuliko malalamiko ya mdomo. Mwajiri akisema dereva ni mvivu, nanyi mnajua tofauti ya mtandao, simu na mapambo, mtamwuliza: Bwana, ni kipi kati ya vitatu hivi ulichomtengenezea dereva wako?

Tusimame pamoja.