Mtoto Anapokwenda Kupiga Kambi Lukenya: Mama, Utie Nini Kwenye Begi?

   Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huliona ni la starehe tu, wala si la afya. Nalo ni safari ya kupiga kambi. Shule zikikaribia kufungwa, mtoto huja nyumbani na barua kutoka shuleni, kwa skauti au kanisani: "Tutapiga kambi Lukenya kwa siku tatu. Mzazi tafadhali andaa vitu vya mtoto." Mama anasoma, anajiuliza: vitu gani? Basi anatia nguo mbili, mkate na pakiti ya biskuti, mtoto anaondoka. Siku ya tatu anarudi akikohoa, tumbo linaendesha, na mguu una malengelenge.

Mlima wa Lukenya, kama mjuavyo, uko Machakos, karibu na barabara kuu ya Mombasa ukishapita Athi River. Ni mahali pazuri. Wanachama wa Mountain Club of Kenya wamekuwa wakipanda miamba yake kwa miaka mingi, na watafiti wamechimba katika mapango yake wakapata zana za mawe za watu walioishi hapo maelfu ya miaka iliyopita. Kwa hivyo kulala Lukenya si jambo geni. Lakini watu hao wa kale walilijua baridi la mahali pale. Mtoto wako halijui.

Baridi hutoka chini

Watu wengi hudhani kwamba Ukambani ni joto tupu. Mchana ni kweli, jua ni kali. Lakini Lukenya iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ni mahali pa wazi penye upepo. Mwezi wa Juni hadi Agosti, usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Hema la kitambaa halizuii baridi hiyo. Hema huzuia umande, upepo na mvua kidogo.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Mtoto akilala ndani ya hema, baridi kubwa haitoki juu. Hutoka chini, ardhini. Mwili una joto, ardhi ni baridi, na joto la mwili huingia ardhini usiku kucha. Unaweza kumfunika mtoto blanketi tatu, na bado atetemeke kwa sababu chini yake hakuna kitu. Kwa hivyo kitu cha kulalia ni muhimu kuliko cha kujifunika. Mpe godoro dogo la sponji. Kama huna, mkeka pamoja na katoni zilizokunjuliwa na gunia kavu zitasaidia sana. Juu yake ndipo alale na mfuko wa kulalia au blanketi mbili. Ukizikunja blanketi hizo na kuzishona upande mmoja na chini, zinakuwa mfuko mzuri usiofunuka usiku.

Mtilie pia nguo za kulalia ambazo hatazivaa mchana: suruali nzito, sweta, soksi kavu na kofia ya sufi. Nguo za mchana huwa na jasho, na jasho likipoa usiku humpoza mtoto. Zifunge nguo hizi za usiku katika mfuko wa nailoni ili zisilowe hata mvua ikinyesha. Kama mtoto wako bado hukojoa kitandani, usimfiche wala usimwaibishe. Mtilie shuka na suruali za ziada, umweleze mwalimu kwa siri.

Jiko lisiingie ndani ya hema

Hapa ndipo penye uhai na kifo, kwa hivyo nawaomba mnisikilize.

Mwaka mmoja, mwezi wa Agosti, niliandamana na watoto kambini nikiwa muuguzi wao. Usiku mmoja, mwendo wa saa nne, nilizunguka kuwaangalia kabla sijalala. Nikafika kwenye hema la wasichana wadogo, nikakuta limefungwa zipu yote, na ndani kuna joto zuri. Nilipofungua, nikaona jiko la makaa katikati yao. Mlezi wao, mama mwenye huruma, aliona watoto wanatetemeka akawaingizia jiko lililotoka kupika chai. Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo. Msichana mmoja alisema kichwa kinamuuma. Mwingine alikuwa ameanza kutapika. Tuliwatoa wote nje upesi wakapate hewa, tukawapeleka hospitali usiku ule ule. Walipona, namshukuru Mungu. Yule mama alilia mpaka asubuhi. Sikumlaumu, kwa sababu hakuna aliyemfundisha.

Makaa yanapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haikohozi mtu. Mtoto akiivuta, inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi ambayo mwili unahitaji. Kwanza kichwa kinauma, halafu kizunguzungu, kutapika, na usingizi mzito. Aliyelala huenda asiamke. Kuacha mlango wa hema wazi kidogo hakutoshi. Jiko lililoonekana kuzima bado linaweza kutoa sumu hii. Mambo ni hayo hayo kwa jiko la mafuta ya taa na la gesi. Jiko libaki nje, mbali na hema, usiku na mchana, hata mvua ikinyesha.

Mshumaa na kibatari pia visiingie ndani ya hema. Kitambaa cha nailoni hushika moto upesi na kuyeyuka juu ya ngozi. Mnunulie mtoto tochi na betri za ziada. Na akiungua kambini, mahali pale papozwe kwa maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Pasipakwe dawa ya meno, mafuta wala yai.

Kama mtoto anahisi baridi sana, kuna njia salama. Chukua chupa imara, tia maji ya moto kiasi yasiyochemka, ifunge vizuri, izungushie leso, umwekee miguuni. Mtoto mchanga usimfanyie hivyo. Yeye mbebe kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, umvishe kofia na soksi, na blanketi lisimfunike uso. Endelea kumnyonyesha kama kawaida.

Maji na tumbo

Maji huko ni haba, wala usitegemee kwamba yatapatikana mlimani. Mtoto anayecheza na kupanda vilima juani anahitaji lita mbili au zaidi za kunywa kila siku. Mpe chupa yake mwenyewe yenye jina lake. Waulize viongozi maji ya kambi yanatoka wapi. Kama ni ya bwawa, ya mto au ya tangi lisilojulikana, lazima yachemshwe mpaka yatokote vizuri, au yatiwe dawa ya maji kama WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Mtilie kipande cha sabuni, karatasi ya choo na taulo ndogo. Kunawa mikono baada ya choo na kabla ya kula huzuia maradhi mengi ya kuhara. Chakula kiwe kile kisichoharibika upesi: njugu, ndizi, viazi vitamu, mayai yaliyochemshwa ya siku ya kwanza. Nyama iliyopikwa na kulala siku mbili kwenye kopo ni ugonjwa.

Tia pia pakiti mbili za ORS. Soma kwenye pakiti kwanza, kwa maana kuna za nusu lita na za lita moja. Ukizidisha au kupunguza maji, dawa haifanyi kazi yake sawasawa. Mtoto akiharisha, anywe kidogo kidogo mara kwa mara. Aliye chini ya miaka mitano apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kama utakavyoelekezwa kituoni. Macho yakididimia, mkojo ukipungua, au mtoto akilegea, asingojee kambi iishe. Apelekwe hospitali.

Miguu, ngozi na wadudu

Ndara ni za bafuni. Mlimani mtoto avae raba au viatu vya kufunika vidole, vile alivyovizoea. Viatu vipya ndivyo huleta malengelenge. Suruali ndefu na soksi humkinga na miiba na kupe. Kila jioni mlezi awakague watoto kupe nyuma ya masikio, makwapani na kwenye mapaja.

Viatu visilale nje ya hema. Asubuhi vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, maana nge hupenda mahali penye giza. Zipu ya hema ifungwe kila wakati. Mtoto asitie mkono chini ya mawe wala kwenye mashimo, na usiku asiende choo bila tochi na mwenzake. Kwa wadogo, kopo la kukojolea karibu na hema ni msaada mkubwa.

Nyoka aina ya bafe hulala kimya njiani na watu humkanyaga. Akimwuma mtoto, usichanje, usinyonye, usifunge kamba kwa nguvu, na usipoteze muda na jiwe jeusi. Mvue bangili na viatu, mlaze, mguu au mkono ule usitikisike, na abebwe hadi hospitali kubwa mara moja. Asitembee. Nyoka akimtemea mate machoni, osha macho kwa maji mengi safi kisha mpeleke. Akiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na siku hiyo hiyo aanze chanjo ya kichaa cha mbwa. Kidonda kidogo pia ni kidonda.

Mbu si wengi wakati wa baridi, lakini baada ya mvua huzaana. Chandarua kidogo si mzigo. Na mtoto akipata homa wiki chache baada ya safari, apimwe malaria. Mwambie mhudumu kwamba alisafiri.

Mahali pa kusimamisha hema

Wewe mzazi huenda usiwepo, lakini una haki ya kuuliza. Hema lisisimamishwe kwenye korongo hata kama ni kavu, kwa sababu mvua ikinyesha juu, maji hushuka ghafla. Lisiwe chini ya mwamba unaodondosha mawe, wala karibu na mti wenye mzinga wa nyuki. Chini ya hema patandazwe karatasi ya nailoni. Udongo mweusi wa nyanda zile ukilowa hushika maji na kuwa tope zito, na gari huenda lisitoke. Waulize pia: kuna gari la dharura usiku? Hospitali ya karibu ni ipi? Nani anajua huduma ya kwanza? Kama hawana majibu, mtoto wako anaweza kungoja kambi nyingine.

Dawa za mtoto wako

Kama mtoto ana pumu, dawa yake ya kuvuta itangulie kuingia kwenye begi, kabla hata ya sweta. Vumbi, moshi na baridi huamsha pumu. Vivyo hivyo kwa kifafa, kisukari na selimundu. Dawa zitoshe siku za kambi na siku mbili za ziada, na mlezi mmoja azijue. Mtoto wa selimundu hapaswi kupata baridi wala kiu, kwa hivyo zungumza na daktari wake kabla ya kumruhusu.

Tia plasta, bendeji, na paracetamol kwa kipimo cha uzito wake. Usimpe aspirini. Msichana aliyekaribia kuvunja ungo umtilie sodo hata kama bado, umweleze matumizi yake nyumbani, ili asije akaaibika mbele ya wenzake.

Mwisho, andika kwenye kadi ngumu jina la mtoto, simu zako mbili, ugonjwa alionao na dawa zinazomdhuru. Kama umejiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, andika nambari hiyo pia. Mfundishe mtoto kwamba kwa dharura hupigwa 999 au 112.

Basi akina mama, tukumbushane kwa ufupi: kitu cha kulalia chini, nguo kavu za usiku, tochi, chupa ya maji, sabuni, ORS, viatu vya kufunika, dawa zake na kadi yake. Haya yote yanaingia kwenye begi moja, na mengi yake yamo nyumbani mwako tayari. Na usiku kabla hajaondoka, mketishe mtoto umwambie neno hili, umfanye alirudie: "Mtu akileta jiko ndani ya hema, mimi natoka nje na kumwita mwalimu." Asione haya kumwambia mtu mzima. Kinga ni bora kuliko tiba.